Kiuno cha Sindano

Maradhi ni mgeni asiyejua kunyamaza: ukimfungia chumbani atakohoa, ukimfunika blanketi atapiga chafya. Wenye akili waliotutangulia walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenye shaka na amuulize Uzi.

Uzi na kaka yake walikuwa mafundi cherehani katika chumba kimoja kilichotazamana na kituo cha mabasi. Kaka mtu aliitwa Sindano tangu ujana, alipokuwa mwembamba hata wakamtania kwamba upepo ukivuma ashike nguzo. Mdogo akaitwa Uzi, maana sindano ipitapo uzi hufuata. Miaka ikapita, jina likabaki, wembamba ukaaga. Sasa kitambi cha Sindano kilitangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata.

Kisukari chake mkewe alikijua. Asichokijua ni maneno ya muuguzi, aliyoyasikia Uzi peke yake siku alipomsindikiza kaka yake kliniki.

"Baba, sukari haitembei peke yake," muuguzi alionya. "Wewe una presha, una mafuta kwenye damu, unavuta sigara, na hicho kitambi. Vyote hivyo vinauwinda moyo. Tena moyo wa mwenye kisukari huweza kuumia kimyakimya. Ukitokwa jasho jingi na pumzi ikakata, usingoje kifua kiume. Njoo mbio!"

Sindano aliitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Walipofika nje akawasha sigara. "Mdogo wangu, shemeji yako akiyasikia haya nitakoma. Meza ulimi."

Uzi akaumeza.

Mke yule alikuwa na kipimo chake. "Mimi siangalii karatasi," alizoea kusema. "Naangalia suruali. Siku itakayokubana, hospitali nakuburuta!"

Alisahau kuwa ameolewa na fundi. Kila baada ya miezi michache Uzi alifumua mshono wa nyuma wa suruali za kaka yake na kuachia kitambaa cha akiba. Akiba ilipokwisha, alipachika kipande cha rangi ileile, kwa ufundi ambao hata inzi asingeona pa kutua.

"Ngapi?" Sindano aliuliza, futi ya kupimia ikiwa kiunoni.

"Arobaini na nne, kaka."

"Una nta masikioni? Nimeuliza ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Eeh! Hapo umesema kiutu uzima."

Wakacheka hadi mteja mlangoni naye akacheka bila kujua sababu.

Siku moja mke alipita kazini kwao, uso umekunjamana. "Shemeji, kaka yako anahema akipanda ngazi tatu tu. Kuna jambo mnanificha?"

Nyuma yake Sindano alikonyeza. Uzi akainamia cherehani yake. "Hakuna, shemeji. Si unaona suruali ni zilezile?"

Mama wa watu akashusha pumzi, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Sindano alianza kulowa jasho, ilhali feni ilizunguka juu ya kichwa chake. Midomo ikapauka.

"Kaka, twende hospitali. Muuguzi alisema..."

"Kiungulia tu hiki. Tukienda, shemeji yako atajua yote. Nipe maji nimalizie kola hii."

Uzi alimpa maji. Badala ya kuita gari, alimpa maji! Kola haijafika nusu, Sindano akainamisha paji la uso juu ya kitambaa kama anayesinzia. Hospitalini daktari alisema ni moyo uliochoshwa na presha na mafuta, akauliza kwa nini walichelewa.

Msibani, mjane alipojua alichosema daktari, aliinua uso. "Presha? Mafuta? Nani alijua?"

Uzi alisimama mbele ya waombolezaji akayatapika yote: onyo la muuguzi, sigara, vipimo vya uongo, vipande alivyoshona kwa mkono wake. Alingoja atukanwe, alitamani atukanwe.

"Shemeji," mjane alisema polepole, "ningenuna wiki moja. Labda mbili. Hilo tu ndilo mlilokuwa mkiliogopa?"

Uzi alifunika uso kwa viganja akalia kwa sauti, na shemejiye akaangua kilio, na nyumba nzima ikawapokea. Waliyoyazika wawili wakicheka, sasa yalijulikana mtaa mzima. Hakika, mficha maradhi kilio humfichua.