Mbunge Aliyebaki Nje ya Ukumbi

Ijumaa ya tarehe 19 Aprili 1918 ndiyo siku mambo ya Alden Rutledge yalipokwenda mrama. Alikuwa mbunge wa Wahafidhina kutoka mashamba ya Ontario, wala hakuwa mtu wa roho mbaya. Katika kampeni aliwaapia wakulima kwamba vijana wao hawatapelekwa vitani. Wa kwanza kumwamini alikuwa jirani yake Murdo Kerr, mgane mwenye mtoto mmoja tu, Lorne.

Ijumaa hiyo wakubwa wa chama walileta azimio la kuifuta ahadi ile, kama mtu apangusavyo vumbi mezani. Rutledge akabaki njia panda. Akiunga mkono, amemsaliti Murdo. Akipinga, chama kitamtimua. Ndipo alipokumbuka desturi ya Bunge: wawili wa kambi zinazopingana huweza kupatana wote wawili wasipige kura, hivyo kura zao zikafutana. Akamwendea mzee Fontaine wa upinzani.

"Mzee wangu, tukae nje sote, tunywe chai."

"Haya, bwana. Kifua chenyewe kinanibana."

Azimio likapita. Kiranja wa chama akaja mbio, akampiga Rutledge begani. "Umecheza wewe! Fontaine alikuwa wa kupinga, nawe umemtoa bila hata kumgusa!"

Chai ikawa shubiri kinywani.

Lorne akachukuliwa na jeshi, akaenda Ufaransa, asirudi. Kabla ya hapo, kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, Murdo na mwanawe walichemsha utomvu wa miti ya sukari mpaka ukawa mzito kama asali, na kopo la kwanza lilikuwa la Rutledge. Mwaka uliofuata kopo halikuja. Rutledge akaenda mwenyewe, akamkuta Murdo peke yake, anakoroga sufuria.

"Usisimame kwenye moshi, mheshimiwa. Watu watadhani unalia."

"Murdo, ile kura mimi sikuipiga."

"Nilisikia. Na yule uliyekunywa naye chai, kura yake ingekwenda upande gani?"

Rutledge akasogea, akatoka kwenye moshi. Murdo akaendelea kukoroga.

Uchaguzi ulipofika, wakulima hawakutaka hata kumsikia, na wakubwa wakasimamisha mtu mwingine. Muwa ukishatafunwa, kapi hutemwa. Rutledge alitaka kushika chama kwa mkono huu na jirani kwa mkono ule. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kweli, mshika mbili moja humponyoka, na yeye zilimponyoka zote. Lakini wale wakubwa walioifuta ahadi, wao kiliwaponyoka nini?