Pishi Saba za Jua

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na nyumba, vitanda na maumivu ya meno kama sisi, paliondokea muuguzi mmoja, Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwepesi wa mikono, na huo mdomo wake, loo, tuuache tu.

Kwao milimani kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Mwaka huo mvua ya mawe iliharibu mashamba, ghala likabaki vumbi tupu. Nguchiro akawaacha wanawe watatu kwa bibi yao, akajitwika kikapu cha dawa, akateremka mpaka Nchi ya Joto kwa Mzee Kiboko. Huko wagonjwa walikuwa wengi kuliko wauguzi. Alitaka apate pishi thelathini za mtama kabla ya masika, watoto wasife njaa.

Wauguzi wageni waliandikwa kazi na wakala, naye alikuwa Fisi. Nchi hiyo ilikuwa na desturi: ujira wa mgeni hupitia kwa wakala, ndani ya kikapu kilichofunikwa kawa. Mgeni akithubutu kumuuliza mwenyeji, "Unanilipa ngapi?" hufukuzwa siku hiyo hiyo kwa kukosa adabu.

Wiki ya kwanza ikaisha. Fisi akaja na kikapu, akafunua kawa. Pishi tatu!

"Ala! Kaka Fisi, mbona kidogo hivi? Milimani kwetu muuguzi analipwa kumi!"

"Hihihiii! Dada yangu, kwenu kuna baridi. Hapa unaota jua bure, hununui kuni, hununui blanketi! Pishi tatu za mtama, pishi saba za jua. Jumla kumi. Au hesabu hujui?"

"Mzee Kiboko ndivyo alivyosema?"

"Kamuulize," akajibu Fisi huku akicheka, maana alijua hathubutu.

Roho ilimuuma Nguchiro. Akawaza wanawe, akatamani amng'ate Fisi pua. Lakini akatabasamu. "Haya, kaka, asante kwa jua."

Wiki ya pili, pishi tatu. Wiki ya tatu, tatu. Ila Nguchiro alikuwa na macho. Aliona punje za mtama zimedondoka njia nzima mpaka mlangoni kwa Fisi. Na Fisi, wanangu, halimi mtama wala hali mtama!

Asubuhi moja pakasikika ukelele. "Uwiii! Jino langu! Nakufa!" Mzee Kiboko alikuwa akigaagaa mpaka nyumba inatikisika. Nguchiro akaenda mbio. Kabla ya kuingia akatazama juu. Mtoto wa milimani hadanganywi na mawingu, na moja zito lilikuwa linakuja taratibu.

"Mzee, tutoke uani penye mwanga. Na Kaka Fisi aje atushikie beseni."

Kiboko akafunua kinywa, pwaa! Nguchiro akapaka karafuu, akafunga uzi kwenye jino, akavuta. Kwi! Kwi! Jino likaanza kulegea. Mara wingu likalifunika jua. Nguchiro akaachia uzi, akaketi chini, akaanza kumenya karanga.

"Wewe!" akanguruma Kiboko. "Mbona umekaa?"

"Nasubiri mshahara wangu, Mzee. Umeingia nyuma ya wingu."

"Mshahara gani unakaa mbinguni?"

"Ule wa pishi saba. Tatu za mtama nimepokea, nashukuru sana. Saba ni za jua, na jua limekatika. Jino nimelivuta kwa kadiri ya pishi tatu. Lililobaki tungoje jua lichomoze."

Fisi akakohoa, koh! koh! "Mzee, usimsikilize, joto limempanda kichwani!" Huku anarudi nyuma kidogo kidogo na beseni lake.

"Simama hapo hapo!" Kiboko akasahau hata jino. "Mimi napima pishi kumi kwa mkono wangu kila wiki! Jua ni la Mungu, Fisi. Nani amekupa uliuze?"

Wakaenda wote nyumbani kwa Fisi. Lahaula! Mtama umejaa chini ya kitanda, juu ya dari, hata ndani ya mito ya kulalia. Mbele ya watu wote Fisi akapima pishi ishirini na moja, machozi yakimtoka kila pishi. Pamoja na zile tisa, Nguchiro akatimiza thelathini zake. Na Mzee Kiboko akatangaza: kuanzia leo, kawa itafunuliwa mwajiri na mgeni wote wakiwepo.

Wingu lilikuwa bado limetanda. Nguchiro akafuta mikono, akashika uzi.

"Lakini jua halijatoka," akasema Kiboko.

"Sasa nalipwa mtama, Mzee. Funua kinywa."

Ng'wa! Jino likatoka.

Wanangu, anayekusifia jua siku ya malipo, chungulia kikapu chake.