Mchi wa Siwajibu

Mchi mmoja hauna wimbo. Ndiyo, nimesema, na sijakosea. Tausi, umeingia humu unacheka mpaka magego yanaonekana, eti yule msichana anayekupita darasani amehama shule. Sasa unaniuliza mchi umetoka wapi. Haya, kaeni, wewe na mdogo wako. Methali hii ina mwanzo wake, nao ni huu.

Huku kwetu Rufiji, kabla ya mashine za kukoboa, palikuwa na mwanamke akiitwa Somoe. Mumewe, Kingwande, akamwolea mke wa pili, Siwajibu. Watu walimwita Siwajibu mke mwenza, wengine mshindani. Somoe alimwita hasimu, na hakumung'unya maneno.

Lakini mpunga haujui ugomvi wa watu. Kinu kilikuwa kimoja, wakatwanga pamoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Na mila ya kinu ilikuwa hivi: mmoja anaimba kijembe, mwenzake anajibu kabla mpunga haujatoka maganda. Akishindwa kujibu, kupepeta ni kazi yake. Basi walichambana! Somoe alikuwa akipalilia huku anatunga, na Siwajibu hakukosa jibu hata siku moja. Majirani walikuja kuomba moto wasiouhitaji, wapate kusikia.

Somoe alichoka kujibiwa. Akamwambia mumewe achague, yeye au yule. Kingwande, mwanamume mwoga kama kuku mgeni, akampa Siwajibu talaka asubuhi moja, akaenda zake shamba. Somoe alijua. Akamwita mwenzake kinuni kama kawaida, akaimba:

"Kinu changu, mchi wangu, wewe mgeni wa nani?"

Siwajibu akauegemeza mchi ukutani. Hakujibu. Alichukua furushi lake akaondoka, na Somoe akapepeta mwenyewe, moyo mweupe kabisa. Alikuwa ameshinda.

Wiki ya kwanza alitwanga kwa raha. Ya pili, akaimba kijembe kizuri kuliko vyote, akanyamaza kusubiri, mchi ukiwa juu. Mwisho akaushusha mwenyewe. Aliita mabinti wa jirani wamsaidie, wakawa wanacheka na kusema ndiyo kwa kila neno. Nyimbo zikamkauka. Mchi wa Siwajibu uliegemea pale pale ukutani, na yeye hakuthubutu kuusogeza. Alimkumbuka, wanangu. Alimkumbuka kuliko alivyowahi kumkumbuka mumewe akiwa safarini, na aliona haya kumwambia mtu.

Baada ya mavuno akavuka mto, akaenda kwao Siwajibu kumwomba arudi. Alimkuta mama mtu anachambua mchele. Akaambiwa Siwajibu ameolewa tena, yuko Kilwa, na sasa ana mimba.

"Nawe ni nani wake?" mama akauliza.

Somoe alitafuta lile neno alilolipenda, hasimu, likakataa kutoka.

"Nilikuwa natwanga naye," akasema.

Mama akauacha ungo, akamtazama. "Kumbe ndiwe Somoe. Alisema utakuja. Alisema siku ile ulimwimbia, naye hakukujibu kwa sababu hakutaka umwone akilia. Jibu lako ameniachia mimi."

"Nipe, mama."

Yule mama hakuwa mwimbaji. Alilisema tu, taratibu, kama anayefikisha salamu za mtu:

"Kinu chako, mchi wako, wimbo ulikuwa wa nani?"

Somoe alilia palepale mlangoni pa watu. Kisha akauomba ungo, akaupepeta mchele wote wa yule mama mpaka ukaisha, maana safari hii aliyeshindwa kujibu alikuwa yeye.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatwanga peke yake, na hakuna aliyemsikia akiimba tena. Wasichana wakimuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa moja, nami nimelisikia kwa masikio yangu, kwa kuwa Somoe ndiye aliyemzaa mama yangu.

Sasa, Tausi, nenda kamwandikie yule mwenzako. Mchi mmoja hauna wimbo.