Kiatu cha Bikira wa Njiapanda

Sogeeni, hadithi ingali moto!

Zimwi lilimmeza mbuzi wa pekee wa mjane Skolastika.

"Wanangu watakunywa maziwa gani?" mjane akalia, akilinyoshea zimwi kidole.

Zimwi likavaa rozari, likaenda kuapa mbele ya picha ya Bikira Maria iliyo ukutani pale njiapanda.

"Mama Maria shahidi wangu, sikumla!" Picha ikafumba macho.

"Sikumla, Mama!" Bikira akamziba Mtoto Yesu masikio.

"Sikumla!" Na huku linacheua manyoya! Jamani, ukavu wa macho gani huo?

Bikira akashuka ukutani, akavua kiatu. "Mimi ndiye shahidi wa uongo wako? Mbele ya mwanangu?"

Paa! Paa! Paa! Mbuzi akachomoka mdomoni, mee, akamkimbilia Skolastika.

Bikira alirudi pichani, ila kiatu kimoja hajakivaa mpaka leo. Amekishika mkononi. Haya, nani mwingine anataka kuapa?