Fisi, Baba wa Watoto Wote wa Bondeni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ghala, likajaa mtama!
Likamshibisha nani?
Mwenye ufunguo!

Haya, sogeeni. Hapo kale palikuwa na bonde, na mkuu wa jimbo lile alikuwa Tembo. Tembo aliweka sheria: kila anayevuna atoe kodi, kapu moja katika matatu liende ghalani. Lakini mkazi wa bonde mwenye watoto arudishiwe kibaba cha mtama kwa kila mtoto, njaa isiingie nyumbani kwake. Sheria nzuri. Ila mtoza kodi, na mwenye ufunguo wa ghala, alikuwa Fisi.

Mwaka ule mvua ilikataa. Wakazi wakalipa kodi, kisha wakaenda ghalani kudai haki ya watoto.

Akaja Kanga. "Hodi, Bwana Fisi. Nimefuata vibaba vya watoto."

"Wako wapi?"

"Wamelala nyumbani."

"Nisiyemwona hayupo. Pita!"

Akaja Kobe, watoto wakimfuata nyuma, koto, koto, koto.

"Nyumba yako iko wapi?" Fisi akauliza.

"Hii hapa mgongoni, bwana."

"Mwenye nyumba mgongoni ni mpita njia, si mkazi. Pita!"

Akaja Nguchiro, mama mjane, mwembamba kama fimbo, amembeba Mashavu, kitindamimba wake. Siku aliyozaliwa alikuwa na mashavu kama maandazi, ndiyo maana akaitwa hivyo. Sasa yalikuwa yamebonyea.

"Bwana Fisi, mtoto huyu hapa, mwone. Wenzake watatu wale pale. Na nyumba yangu ni shimo lile."

"Mwaka jana ulikaa shimo gani?"

"La ng'ambo. Nyoka alinifukuza."

"Ahaa! Leo hapa, kesho kule. Mhamaji huyo, si mkazi. Pita!"

Jioni magunia yakatoka kwa mlango wa nyuma, yakarudi yamekuwa mapaja ya mbuzi. Nyaku, nyaku, nyaku!

Mashavu hakulia sana. Alinyamaza kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akawa amenyamaza kabisa. Nguchiro akamwosha kwa maji yaliyobaki mtungini. Akamzika peke yake, penye mchanga laini, mahali ambapo hakumwambia mtu, maana aliijua pua ya Fisi. Kisha akashika njia kwenda kwa Tembo kushtaki.

Tembo akamsikiliza, akakunja mkonga. "Mbona unanichanganya, mama? Kila mavuno namuuliza Fisi: mtama wa watoto umekwenda wapi? Naye hunijibu: umekwenda kwa watoto. Ameapa mbele yangu kwamba watoto wote wa bondeni ni wake, yeye ndiye baba anayewalea. Unataka kusema mtumishi wangu ameapa uongo? Lete ushahidi."

Nguchiro akautazama mguu wa Tembo, mnene kama kinu. Ushahidi wake ulikuwa mchangani, na hakuwa tayari kuufukua.

"La, mkuu," akasema. "Fisi amesema kweli. Mimi nimeleta taarifa ya msiba tu. Fisi amefiwa na mwanawe."

"Masikini! Maziko lini?"

"Alasiri ya leo. Njoo umfariji."

Akarudi bondeni mbio. Muhanga akachimba kaburi, chimbu, chimbu, refu kwenda chini. Nguchiro akachukua gogo la mgomba, akalizungushia sanda, na ndani ya sanda akatia panya aliyeoza.

Alasiri wakazi wote wakasimama kando ya kaburi, na Fisi naye akaja akifuata harufu. Tembo akaweka mkonga begani kwa Fisi. "Pole sana, baba. Marehemu huyu ni wako?"

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Akisema si wake, ameapa uongo, na mguu wa Tembo ule pale. Tena harufu ile! Ute ukamdondoka, to, to, to. Tembo akadhani ni machozi.

"Ni wangu," Fisi akasema. "Wote ni wangu."

"Basi mila unaijua," Nguchiro akasema taratibu. "Baba hutangulia kushuka, ampokee mwanawe."

Fisi akajitupa mwenyewe, pu! Akaipokea sanda, akaanza kuirarua mle mle gizani. Juu, Kanga akaparura udongo kwa kucha, tifu. Kobe akasukuma kwa gamba, tifu. Nguchiro akatia kwa mikono yote miwili, tifu, tifu, tifu.

"We! Nimo humu! Nitoeni!"

"Anasemaje?" Tembo akauliza.

"Ni uchungu wa mzazi, mkuu. Anasema hataki kuachana na mwanawe."

Tembo akapangusa jicho. "Baba wa namna hii hapatikani tena." Akaushindilia udongo kwa miguu yake, ndi! ndi! ndi! mpaka pakawa kimya.

Kesho yake ghala likafunguliwa, kila mzazi akapimiwa. Nguchiro akapimiwa vibaba vitatu. "Sheria ni ya walio hai, mama," Tembo akamwambia kwa upole. Nguchiro alisimama pale pale mpaka aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega, ndipo akaondoka.

Hadithi yangu imefika. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.

Na funzo lake, wajukuu zangu? Msiwaseme vibaya watoza kodi. Mmoja alimpenda mtoto asiye wake, hata akazikwa akiwa hai kwa ajili yake.