Kivuli cha Mtu Mmoja

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Leo nimechoka, sina nguvu ya kurudia mara mbili, na watu ninaowasimulia wamechoka kuliko mimi.

Walikuwa wanawake watatu, wapasua kokoto, kwenye machimbo ya kilima kisichokuwa na mti hata mmoja. Bi Chausiku, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa hatupi kitu: kopo, kamba, mfuniko wenye ufa, vyote vilikuwa na nafasi uvunguni mwa kitanda chake. Nyamizi, mjamzito wa kukaribia kujifungua, alikuwa na mkono wa sindano. Akishona kitu, kitambaa kitachakaa uzi ubaki. Mwasiti, wifi yake Nyamizi, hakuwa na mali wala ufundi. Alikuwa na kichwa tu, na jambo likimsumbua halimtoki mpaka ajue kwa nini.

Lililomsumbua ni maji. Walikuja nayo asubuhi yakiwa ya baridi, jua likipanda kidogo yanakuwa ya kuogea. Umepiga nyundo mpaka koo limekauka, halafu unakunywa maji ya moto! Jamani, si mateso hayo? Jioni Mwasiti akirudi nyumbani alikuwa anakaa kizingitini, hata kuvua viatu anaona kazi.

"Tutengeneze deli la kutunza baridi," akasema siku moja. "Kama lile la wauza barafu."

"Kwa vitu gani, wifi?" Nyamizi akauliza.

"Vya uvunguni kwa Bi Chausiku."

Bi Chausiku akaguna, lakini akaenda. Akatoa ndoo mbili, kubwa na ndogo, zote na mifuniko yake. Ndimo alimokuwa anawekea unga na maharage. Akavimimina kwenye masufuria, ndoo akazisugua kwa majivu. Tangu siku hiyo panya wa nyumba ile wanakula unga kabla yake.

Ndoo ndogo ikaingia ndani ya kubwa, pembeni pakabaki nafasi. Sasa sikilizeni akili za wapasua mawe. Ile nafasi wakaijaza chenga za kokoto, eti kwa sababu mawe ya chini machimboni huwa ya baridi! Deli likawa zito halibebeki. Na mawe yalipopigwa na jua yakashika joto, barafu waliyonunua na kuitia humo ikaisha hata kiu haijaanza. Nyamizi akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akalia. Hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Mwasiti akawaza, akawaza. Akaingia chumbani kwake na kisu, akakata godoro lake upande wa miguuni, sponji akaja kuisokomeza katikati ya zile ndoo. Siku hiyo barafu ikafika jioni. Tangu hapo miguu yake inalala kwenye chaga, mbao tupu za kitanda, na asubuhi anaamka mgongo umekakamaa.

Ikabaki namna ya kulibeba, maana kilima kile ni kirefu na mikono ya kila mmoja ilikuwa na nyundo na debe. Nyamizi akashona mfuko wa gunia wa kulivalisha deli, halafu akatafuta mikanda isiyokata mabega. Hakuipata. Akaenda kutoa mbeleko mpya aliyomwekea mtoto, akaikunja, akaishona. Deli likapanda mgongoni, likatulia. Mtoto atabebwa kwa kitu gani, hilo hakulisema.

Basi siku moja msimamizi, Bwana Mkude, akapewa juisi ya ukwaju iliyotoka humo. Akanywa, akafumba macho.

"Madereva wa malori wananilalamikia kiu kila siku," akasema. "Nataka mtu akae pale bandani, kivulini, awauzie vinywaji. Nyundo hatashika tena. Nani kalitengeneza hili?"

"Sisi," akajibu Bi Chausiku.

"Banda ni la mtu mmoja, mama."

"Basi tutakaa kwa zamu, baba."

"Zamu sitaki, mtaniletea ugomvi. Nazungukia malori. Nikirudi mnipe jina. Mkishindwa, namleta mpwa wangu na deli lake la dukani."

Akaondoka. Machimboni pale wana desturi yao, haondoki mtu mpaka debe la mwisho lijae. Aliyemaliza anamjazia mwenzake. Atakayekwenda kivulini anawapunguzia wenzake mkono mmoja wa kuwajazia.

"Bila ndoo zangu mngekuwa na nini?" Bi Chausiku akasema polepole, anajikanda vifundo vya mikono. "Godoro lililokatwa na gunia."

"Na bila mkono wangu lingebaki nyumbani," akasema Nyamizi. "Mimi sigombani, Bi Chausiku. Nimechoka tu."

"Ndoo zinarudi kwa mwenyewe," akasema Mwasiti. "Mbeleko inafumuliwa. Godoro langu halirudi."

Akajisikia vibaya papo hapo. Alimwona bibi wa watu anavyojikanda vifundo, na tumbo la wifi yake analijua. Neno la kiungwana alikuwa nalo mdomoni, ni kulitoa tu. Lakini alikitaka kile kivuli. Alikitaka mpaka machozi yakamlenga.

Viatu vya Bwana Mkude vikasikika kwenye kokoto.

"Haya, nani?"

Bi Chausiku na Nyamizi wakatazamana, kisha wote wawili wakamgeukia Mwasiti.

"Wazo lilikuwa lako," akasema Bi Chausiku. "Sema wewe. Utakayemtaja, hatutanung'unika."

Msinitazame mimi, mimi nimemaliza. Mwenye ndoo, mwenye sindano, na mwenye godoro, wote wamechoka sawasawa, na msimamizi anasubiri. Wewe unayenisikiliza, ungekuwa Mwasiti, na nyundo iko mkononi, ungetaja jina la nani?