Kindi wa Bi Tuhfa na Sauti ya Kata

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na mjane mcha Mungu aliyeitwa Bi Tuhfa binti Ghanim. Mumewe alifariki mapema, wala hakumwachia mtoto. Nyumba yake ilipakana na msikiti, na baina ya nyumba na msikiti palisimama mkwaju mkubwa. Alikuwa mtu wa swala na saumu, na juu ya hayo Mola alimjaalia huruma kwa wanyama. Kuku aliyevunjika mguu, punda aliyechubuka mgongo, wote walipelekwa kwake, naye akawauguza kwa radhi ya Mungu. Watu walimpenda kwa ajili hiyo, na kwa haki walimpenda.

Siku moja watoto walikuwa wakipopoa ukwaju. Jiwe moja likaukosa ukwaju, likampiga kindi aliyekuwa tawini, naye akaanguka chini huku jicho lake la kushoto likivuja damu. Bi Tuhfa akatoka mbio, akamfunika kwa upindo wa mtandio wake. Kindi akamng'ata kidole hadi kwenye mfupa, na yeye hakumwachia. Maalim Haidari, imamu wa msikiti ule, alikuwa amesimama karibu, na mbele yake mjane yule akaweka nadhiri: "Mola wangu akimponya kiumbe wake huyu, siku kidonda kitakapofunga nitamrudisha mtini kwake."

"Mungu aipokee," akasema Maalim. "Lakini uikumbuke, Bi Tuhfa. Nadhiri ni nyepesi mdomoni, nzito shingoni."

Akamtia kindi katika tenga, akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akampaka asali. Jicho lile halikuona tena. Hata hivyo kindi aliishi, akaanza kula, na kila alipotiliwa mkono tengani alikimbilia pembeni na kutoa meno. Bi Tuhfa alikuwa na ada yake: hakuwa akila wala kulisha chochote kabla ya kutawadha na kuswali. Basi alichota maji mtungini kwa kata ya kifuu, akatawadha, akaswali, kisha akamletea kindi njugu na kipande cha tende. Ikawa hivyo kwa kila swala. Haukupita muda kindi akaijua sauti ya kata. Maji yakimwagika tu, alisimama kwa miguu ya nyuma akangoja.

Ikafika siku alipokula njugu kiganjani bila kung'ata. Bi Tuhfa alifurahi mno, akamsimulia shoga yake Bi Jokha, jirani wa upande wa pili, kama mtu anayesimulia arusi. Maskini, hakujua kwamba siku ile ilikuwa siku ya kulia. Kiumbe wa mtini asiyemwogopa mtu amekwisha kuvuliwa ngao aliyopewa na Muumba wake, na aliyemvua alikuwa yeye.

Kidonda kikafunga. Bi Tuhfa alikiona kilivyofunga. Lakini nyumba ya mjane ni kimya, ndugu zangu, na kimya kile kilikuwa kimepata mwenzake: kindi alikuwa akitoka tengani, akikimbia juu ya boriti ya dari, akilala ndani ya mkunjo wa msala wake wa kuswalia. Moyo ukamwambia, "Jicho moja, atamwonaje mwewe?" Ilikuwa hoja nzuri, na hoja nzuri ndizo zinazotuponza wacha Mungu, kwa kuwa zile mbaya tunazitambua. Maalim Haidari alipompitia na kumuuliza, "Vipi mgonjwa wetu, kidonda kimefunga?" alimjibu, "Bado, Maalim." Alipomuuliza tena, mkwaju ulipokuwa ukitoa maua, alimjibu vile vile. Mkwaju ukazaa, ukapukutika, na jibu lake likabaki lile lile.

Asubuhi moja Bi Jokha aliingia kuomba kaa la moto. Kindi alikuwa amekaa juu ya bega la Bi Tuhfa. Bi Jokha akamtazama, akacheka.

"Shoga, si ulisema kidonda bado? Mbona kimeota manyoya?"

Aibu ikampanda Bi Tuhfa, na aibu ni mshauri mbaya. Hakumpeleka kindi kwanza uani akazoea matawi, hakumwachisha mkono wake, hakumwachisha sauti ya kata. Saa ile ile alimchukua, akamweka katika shina la mkwaju mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini. Kindi alimtazama kwa jicho lake moja, kisha akapanda juu. Watu wakamsifu Mungu, wakamsifu na Bi Tuhfa: "Huyu ndiye mwenye kutimiza nadhiri!" Akarudi ndani na sifa zile, wala hakukanusha. Wahenga walituambia haraka haraka haina baraka, na wakatuambia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Bi Tuhfa, Mungu amrehemu, aliyafanya yote mawili kwa kindi mmoja.

Ikaja Ijumaa. Watu wakajaa kwenye birika la msikiti kutawadha, kata zikipanda na kushuka. Kindi akasikia maji. Akateremka mkwaju, akavuka ukuta, akaja akasimama kwa miguu ya nyuma katikati ya waumini, akangoja njugu. Watu wakastaajabu, wakacheka kwa furaha, mmoja akanyoosha mkono. Na paka wa msikiti alikuwa amelala kivulini, upande wa kushoto wa kindi.

Baada ya swala Maalim Haidari akapiga hodi mlangoni kwa Bi Tuhfa, mkononi ana kitu kidogo kilichofungwa katika jani la mgomba. Nyuma yake walisimama majirani.

"Pole, Bi Tuhfa. Ajali yake aliyoandikiwa imefika: aliteremka birikani tulipokuwa tukitawadha, paka akamdaka. Wewe ulimtendea wema, na wema haupotei kwa Mungu."

"Haupotei," wakaitikia majirani.

Hapa ndipo mtihani ulipokuwa. Angeinamisha kichwa tu, angebaki na jina lake jema hadi kaburini, na hakuna ambaye angejua. Bi Tuhfa alilipokea jani lile kwa mikono miwili, akakaa chini kizingitini.

"Usinipe pole, Maalim. Uliponiuliza, nilikwambia bado. Kidonda kilikuwa kimefunga zamani. Nilimzuia kwa sababu nyumba yangu ilikuwa kimya, nami nikasema kule kumzuia ni huruma. Hakumwona paka kwa kuwa jicho lile ni bovu, lakini aliyemteremsha mtini ni mimi. Aliisikia kata akadhani ni yangu."

Bi Jokha akaanza kulia. Maalim Haidari naye akakaa chini mavumbini.

"Je, kuna kafara?" Bi Tuhfa akauliza.

"Ya nadhiri ipo, utalisha masikini. Ya uongo ipo, nayo umeianza sasa hivi mbele yetu. Ya kindi..." Maalim akatikisa kichwa. "Ya kindi siijui, mama. Muulize Mola wako."

Wakamzika chini ya mkwaju.

Inasemekana kwamba Bi Tuhfa hakuacha kuuguza viumbe. Alikuja kuletewa kindi mwingine aliyepofuka jicho, na wengine baadaye. Lakini aliwalisha kwa kuwatilia chakula tengani na kuondoka, na hakuwaita, na alikwenda kutawadha mbali, kwa Bi Jokha, wasiisikie kata. Siku ya kumwachia yule wa pili, kindi alimng'ata kidole pale pale penye kovu la zamani, akaruka tawini bila kugeuka. Watu waliona damu na machozi, wakampa pole. Akawaambia, "Nipongezeni. Ameniogopa."

Na wamesema waliokaa naye uzeeni kwamba kila alipochota maji ya kutawadha, baada ya kata ya kwanza alisita kidogo, akainua uso kutazama boriti ya dari, kisha akaendelea.

Basi tuzitazame huruma zetu, ndugu zangu, tuzitazame hasa zile zinazotupendeza wenyewe. Toba ya Bi Tuhfa tunataraji ilipokelewa, kwani Mola ni Mwingi wa kusamehe. Lakini kusamehewa hakukumrudisha kindi mtini. Mwenyezi Mungu atujaalie kuachia kwa wakati kile tulichopewa tukiuguze tu.